Reuben Askwith na Gari Lililoshikwa na Homa

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema. Hapa ni Muriel Garside. Leo sitaanza na muziki, na nyinyi mnaopenda kunilalamikia kwa barua, kalamu mnazo. Nina jambo kifuani. Jumanne tulimzika Reuben Askwith.

Narudia jina, kwa ajili ya mliochelewa kuwasha redio. Reuben Askwith, wa Mtaa wa Spon, Coventry. Alikuwa mkuu wa majaribio katika kiwanda cha magari cha Carbery, enzi zile magari ya kifahari ndiyo kwanza yanaanza kutengenezwa, na mwenye gari akipita barabarani anatazamwa kama bwana harusi. Kiwanda chenyewe kilifungwa zamani. Siku hizi pale wanauza mazulia.

Mimi nilikulia nyumba ya tatu kutoka kwake. Mama yangu aliponunua redio, majirani walikuja kusikiliza, na Reuben naye akaja. Lakini hakusikiliza. Aliweka kiganja juu ya sanduku la redio, akakunja uso.

"Inatetemeka upande huu," akasema.

"Reuben, hiyo ni bendi inapiga ngoma," mama akamjibu. "Hebu ondoa mkono, kunywa chai."

Chai yenyewe aliinywa akizunguka chumba. Mtu yule hakutulia, wasikilizaji wapendwa. Kiganja chake kilikuwa juu ya meza, juu ya bomba la maji, juu ya mgongo wa paka. Akikaa, goti lake la kulia linaanza kurukaruka, na vikombe vinalia mezani. Juzi binti yake Dorcas aliniambia hivi: "Baba hakujua kukaa. Alikula amesimama, alisoma gazeti anatembea. Mama alikuwa akisema ameolewa na upepo. Sisi watoto tulidhani akina baba wote ndivyo walivyo."

Leo nitawaambia kwa nini Reuben hakutulia. Goti lilikuwa la kuzaliwa nalo, sawa. Lakini kilichomla ndani kilikuwa na sababu, na sababu hiyo ina jina. Inaitwa Job Tranter. Job Tranter, mfua chuma, mume wa Hephzibah, dada yake Reuben.

Job bado yupo. Anakaribia miaka themanini, na ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Nilimfuata nyumbani kwake, akanitilia chai nyeusi ya kuweza kupaka viatu, akaniuliza, "Binti wa Garside, unataka niseme vizuri, au niseme kweli?"

"Sema yote mawili, mzee."

"Hayakai chumba kimoja hayo," akasema. Lakini alisema.

Turudi mwaka 1908. Bwana Lionel Carbery, mwenye kiwanda, anatoa gari jipya la silinda sita. Wakati huo wengi walikuwa na silinda nne. Silinda sita ilikuwa jambo la kutambia. Mteja akija kiwandani na kofia yake ndefu, Bwana Carbery anaagiza injini iwashwe, halafu anaweka bilauri ya maji juu ya boneti. Injini inanguruma chini, maji juu yametulia. Mteja anatazama maji, Bwana Carbery anamtazama mteja. Hapo hapo biashara imeisha.

Sasa, ndani ya injini kuna kitu mafundi wanakiita kranki. Ni ule mhimili mzito uliopinda-pinda, unaopigwa na pistoni ukazunguka, na kuzunguka kwake ndiko kunakosukuma magurudumu. Katika gari la Carbery, kranki ilichorwa na Reuben. Ilifuliwa na Job. Shika hayo mawili. Mchoro wa Reuben, chuma cha Job. Walikuwa mashemeji, walikuwa marafiki, na kila Jumapili baada ya kanisa walikula chakula cha mchana meza moja, nyumbani kwa Reuben, na Job akimtania kwamba goti lake litamwaga mchuzi.

Injini ile ilikuwa na tabia moja. Ikifika mwendo fulani wa katikati, si polepole wala si mbio, ilitetemeka. Kidogo tu. Ilishikwa na mtetemo mfupi wa ndani kwa ndani, halafu ukiongeza mwendo unakwisha. Mafundi waliuita mtetemo huo homa. "Limeshikwa na homa," wanasema, wanakanyaga mafuta, wanapita.

Na hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipokaa. Madereva wa majaribio wa Carbery walikuwa na desturi. Reuben mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Dereva mzuri halei homa. Akiihisi inakuja, anaivuka upesi, kama mtu anavyomnyamazisha mtoto kanisani kabla watu hawajageuka. "Vuka!" ndilo neno lao. Dereva mpya akichelewa hata kidogo, wenzake walio nyuma wanampigia kelele, "Vuka, bwana, unalitesa gari!" Walijivunia mikono yao. Waliendesha magari yale mpaka Wales na kurudi, majira yote, na hakuna kranki hata moja iliyowakatikia.

Basi magari yakauzwa. Moja likanunuliwa na Bi. Honoria Wexcombe, mjane tajiri wa Leamington. Baada ya muda mfupi kranki yake ikakatika, njiani, mchana kweupe, na mama wa watu akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa maziwa. Kiwanda kikasema ni bahati mbaya, wakamfungia kranki nyingine. Nayo ikakatika.

Bwana Carbery akamwita Reuben mbele ya mafundi wote. Akauliza swali moja: "Ni injini, au ni chuma?"

Reuben alijua jinsi magari yake yalivyojaribiwa. Alijua kwamba hakuna hata moja lililokatika mikononi mwa madereva wake. Job alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Reuben akasema, "Ni chuma."

Ni chuma. Alisema hivyo, wasikilizaji wapendwa, na aliamini hivyo. Job Tranter akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

"Hakunitazama," Job aliniambia. "Alitazama viatu vyangu. Nikamwambia, shemeji, viatu vyangu havikufua kranki yako. Watu wakacheka. Mimi sikucheka."

Mji wa Coventry enzi zile ulikuwa mji wa mafundi, na fundi alikuwa na mali moja tu, nayo ni jina. Mfua chuma aliyeambiwa chuma chake ni kibovu hapati kazi. Job alibisha hodi kila karakana. Walimpokea kwa adabu na kumtoa kwa adabu. Kwenye baa ya jirani, jamaa mmoja alishika kijiko cha supu akakipinda, akasema, "Job, hiki nacho ni chako?" Job alimpiga ngumi, na hapo hata baa ikamfukuza. Ikabaki kuhama. Kaka yake Job alikuwa Kanada. Masanduku yakaanza kufungwa. Hephzibah akaacha kusema na Reuben, na pale mezani kwa Reuben, Jumapili, viti viwili vikawa vitupu.

Sasa ndipo Reuben alipoanza kutembea usiku na mchana. Alichukua vipande vya zile kranki mbili akaviweka kwenye meza ya jikoni, mkewe akamwambia aviondoe, akaviweka kwenye kiti. Alivitazama mpaka akaona kitu. Chuma kibovu hukatika ovyo, unaona chembe, unaona uchafu ndani. Hizi zilikatika mshazari, safi, kwa mzunguko, jinsi nguo inavyokuwa mikononi mwa mfuaji anapoikamua. Zilikuwa zimesokotwa. Zote mbili, mahali pamoja.

Nani amezisokota? Hilo ndilo swali lililomtoa nyumbani. Akapanda treni kwenda Leamington, akaomba apande gari la Bi. Wexcombe.

Gari lilikuwa limefungwa kranki ya tatu. Dereva wa mama yule aliitwa Clement Oddie, mtu mnene, glavu nyeupe, mpole kama mto wa kulalia. Reuben akakaa kando yake. Nyuma, ng'ambo ya kioo, alikaa Bi. Wexcombe na mbwa wake mwenye pua bapa, aliyeitwa Pickle. Wakashika barabara ya Kenilworth. Mwendo ukapanda taratibu, ukafika pale katikati, na homa ikaanza.

Reuben akangoja Oddie avuke. Oddie hakuvuka.

"Vuka, bwana," Reuben akasema.

"Nivuke nini?"

"Hii homa. Kanyaga mafuta, ipite."

"Nikikanyaga, Pickle ataamka," akasema Oddie.

Reuben alidhani anataniwa. Kioo kikagongwa kwa mpini wa mwavuli, dirisha dogo likafunguliwa. "Bwana fundi," akasema Bi. Wexcombe, "usimsumbue dereva wangu. Mbwa huyu halali ila kwa mwendo huu. Sakafu inamtikisa kidogo, analala. Polepole anabweka, mbio anatapika. Tumeutafuta mwendo huu kwa shida, na sasa tumeupata, tunakaa hapa hapa."

"Mnakaa hapa? Siku zote?"

"Toka nyumbani mpaka kwa dada yangu Stratford. Na kurudi. Una tatizo na mbwa wangu?"

Wasikilizaji wapendwa, mimi kila nikiisimulia habari hii watu wanacheka, na mimi nacheka. Reuben hakucheka. Aliinama akaweka kiganja kwenye sakafu ya gari. Akaisikia kranki yake mwenyewe ikijisokota na kujisokotoa chini ya mkono wake, dakika baada ya dakika, mahali ambapo madereva wake hawakuwahi kukaa hata kwa pumzi tatu. Mikono yao mizuri ndiyo iliyomficha ukweli. Waliivuka homa kwa ustadi mpaka wakaisahau, na mwenye gari, kwa sababu ya mbwa, akaenda kuishi humo. Chuma cha Job kilikuwa kizima. Hakuna chuma kingestahimili vile.

Alishuka njiani. Aliniambia mwenyewe, uzeeni, kwamba alitembea kwa miguu mpaka Coventry kwa sababu asingeweza kukaa kwenye treni.

Akaingia kiwandani moja kwa moja mpaka kwa Bwana Carbery. "Nilisema ni chuma," akasema. "Nilikosea. Ni injini. Ni mchoro wangu."

Bwana Carbery alifunga mlango kwanza. Halafu akasema maneno ambayo Reuben aliyakumbuka mpaka kufa. "Askwith, chuma kibovu watu wanasamehe. Unafukuza mfua chuma, unaendelea. Injini mbovu hakuna anayesamehe. Magari yote niliyouza yatarudi mlangoni hapa. Niletee injini isiyo na homa, nami nitasimama uani niseme mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa la injini na dawa tunayo. Bila dawa, ni chuma. Na shemeji yako abaki alipo."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Narudia. Dawa ipatikane, Job arudishiwe jina lake. Isipopatikana, Job na Hephzibah wapande meli Liverpool, na jina lile libaki limechafuka hapa nyumbani daima.

Reuben akajaribu. Alinenepesha kranki, homa ikahamia mwendo mwingine. Akaongeza uzito wa lile gurudumu kubwa la nyuma ya injini, ikazidi. Akaweka mpira chini ya injini, na abiria hawakusikia kitu tena, lakini kranki ikaendelea kujisokota kimyakimya humo ndani, na hilo lilimtia hofu kuliko yote. Alikonda. Alijibu watu maswali ambayo hawakumuuliza. Dorcas anasema mama yake alimkuta siku moja amesimama bustanini, kiganja kimewekwa kwenye shina la mti wa tofaa, mvua inamnyeshea.

Shida ilikuwa hii. Kranki ndefu ina springi yake ya asili. Pistoni zinaipiga teke moja baada ya nyingine. Mwendo ule wa katikati ukifika, kila teke linaikuta pale pale inaporudi, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea kila anapokurudia. Bembea inapanda na kupanda. Ukiishika kwa nguvu, inakubeba na wewe. Ukiiacha, inaendelea. Utafanyaje?

Jibu lilikuja kanisani. Kanisa la Kimethodisti la Mtaa wa Warwick Lane, benchi la ukoo wa Askwith, Jumapili ya mwisho kabla ya akina Tranter kuondoka. Hephzibah alikaa benchi lile lile, kwa sababu lilikuwa benchi la baba yao na hakuwa tayari kumwachia mtu. Alimgeuzia kaka yake bega. Mhubiri akaanza, na goti la Reuben likaanza. Benchi zima likatikisika. Vitabu vya nyimbo vikagonga ubao. Watu wakakohoa.

Hephzibah, bila kumtazama, akanyoosha mkono akauweka juu ya goti la kaka yake. Alikuwa akifanya hivyo tangu wako wadogo. Hakulishika. Aliulaza tu mkono, mzito, umelegea, goti likiruka linausugua. Benchi likatulia.

Reuben akageuka akamwambia kwa sauti, katikati ya mahubiri, "Kwa nini hulikazi?"

"Nyamaza," Hephzibah akanong'ona. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia baada ya majuma mengi.

"Hephzibah, kwa nini hulishiki kwa nguvu?"

"Nikilishika kwa nguvu linanitikisa na mimi. Nikigusa tu halisikii. Lazima likokote mkono wangu. Sasa nyamaza, watu wanatutazama."

Reuben aliondoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho. Wengine walidhani ameugua. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Job, akasubiri mlangoni, kwenye ngazi, akisimama na kukaa na kusimama, mpaka wenye nyumba wakarudi.

Job alipomwona alisimama palepale barabarani. Nilimwomba Job anieleze walivyosemezana, akaniambia bila kupunguza.

"Umekuja kupima kitasa changu?" Job aliuliza. "Ni chuma pia. Angalia kisije kikakatika."

"Shemeji, nilikosea."

"Najua ulikosea. Nilikuwa pale. Ulikuwa unaongea na viatu vyangu."

"Chuma chako kilikuwa kizuri. Ni mchoro wangu. Nimeshamwambia Carbery."

"Mbona sijasikia mji ukisema?"

"Hatasema mpaka nimponye injini. Nimejua jinsi ya kuiponya. Nataka gurudumu dogo, zito, la kukaa mbele ya kranki. Lisifungwe. Lishikwe katikati ya ngozi kwa springi, kranki ikijisokota ilikokote. Springi zikikaza sana litatetemeka pamoja nayo, zikilegea sana halina kazi. Nimewaza nani wa kunifulia springi hizo."

"Na?"

"Sina mwingine."

Job aliniambia alitamani kumfungia mlango usoni. Tayari mkono ulikuwa kwenye mlango. Hephzibah ndiye aliyesema, "Job, masanduku yamefungwa. Hakuna la kufanya leo. Nenda kamfulie."

Kazi ilifanyika kwenye tanuri la mtu wa kupiga viatu vya farasi, nje ya mji, kwa kuwa kiwandani Job haruhusiwi kukanyaga. Springi za kwanza zilikaza mno. Za pili zililegea. Ngozi ikaungua, wakabadilisha. Hawakuongea ila "shika", "geuza", "bado". Halafu wakalifunga gurudumu lile kwenye gari la majaribio, Reuben akakaa kwenye usukani, Job kando yake, wakashika barabara ya Kenilworth.

Mwendo ukapanda. Ukafika pale. Job aliniambia mguu wa Reuben wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ulitaka kukanyaga uvuke, na Reuben akauzuia. Akakaa pale. Wakaenda, wakageuza, wakarudi, mchana mzima, kwenye mwendo ule ule ambao wenzao wote walikuwa wakiukimbia. Kila Reuben akiuliza, "Unasikiaje?" Job anainama. Anaweka kiganja kwenye sakafu, anasubiri, anakitoa. Mpaka jua linaelekea kuzama ndipo akasema.

"Limetulia."

Sidai, wasikilizaji wapendwa, kwamba Reuben alikuwa wa kwanza duniani kufikiri hivyo. Mafundi wa kwingine nao walikuwa wanahangaika na homa zao. Ninachosema ni kwamba kesho yake, honi ya mapumziko ilipolia, Bwana Carbery alisimama uani akasema kosa halikuwa la chuma. Alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na tai yake.

"Kwa sauti, bwana," Reuben akaita kutoka nyuma. "Wa kule langoni hawajasikia."

Ikabidi arudie. Chuma cha Job Tranter kilikuwa kizuri. Kosa lilikuwa la injini. Uani watu wakavua kofia, na yule jamaa wa kijiko akatafuta pa kujificha. Masanduku yakafunguliwa. Kanada ikakosa watu wawili.

Bi. Wexcombe alirudi baada ya mwezi, amekasirika. Gari limekuwa kimya kupita kiasi, Pickle halali. Aliomba arudishiwe homa yake. Reuben alimshauri Oddie apitie barabara za mawe, na hapo mbwa akapona, na springi za magurudumu zikachakaa, na kiwanda kikamuuzia nyingine.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Job aliniuliza kama nataka vizuri au kweli. Kweli ni hii. Job alirudi kazini, hakurudi mezani. "Jina langu alinirudishia," aliniambia. "Lakini kabla ya hapo alininyang'anya mwenyewe, mbele ya watu, bila kuniuliza hata neno moja. Mtu aliyekula nami kila Jumapili. Nilifanya naye kazi mpaka kiwanda kikafungwa. Nilimsalimu. Nilipomzika Hephzibah, dada yake, alisimama kando yangu. Kusema nimekusamehe, sikusema. Lilinikwama. Kila tukilikaribia, mimi nilikanyaga mafuta."

Dorcas anasema kiti cha Job kiliwekwa mezani kila Jumapili, mwaka nenda mwaka rudi. Baba yake alikula amesimama, anakitazama. Ndiyo maana nilisema kutotulia kwake kulikuwa na jina.

Jumanne basi. Mzika wafu wa Kenilworth ana gari la jeneza la kizamani, mnalijua, lile jeusi refu. Wachache wanajua lilikotoka. Bi. Wexcombe alipofariki gari lake liliuzwa, likakatwa nyuma, likawekwa kioo cha jeneza. Ni lile lile. Injini ni ile ile, na gurudumu la Job bado limo. Dorcas aliliomba makusudi.

Job alikataa kupanda na waombolezaji. Akajipandisha mwenyewe mbele, kando ya dereva, na fimbo yake. Mimi nilikuwa gari la nyuma yao. Mjini tulikwenda mwendo wa kutembea, inavyopasa. Tulipotokea kwenye barabara ya Kenilworth dereva akaongeza, na ndipo nilipoona fimbo ya mzee inanyanyuka. Dereva alinieleza baadaye alichoambiwa.

"Hapo. Kaa hapo. Usivuke."

Tukakaa. Maili zote zile, mwendo wa katikati, msafara mzima nyuma. Kwa kioo nilimwona Job amegeuka kwenye kiti. Kulikuwa na dirisha dogo, lile alilokuwa akigonga Bi. Wexcombe kwa mwavuli. Amelifungua, amepenyeza mkono, kiganja kimelala juu ya jeneza. Dereva anasema mzee alikaa hivyo njia nzima, halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na mtu aliye macho:

"Limetulia, Reuben. Na mimi nimetulia. Hebu kaa sasa."

Kwako Dorcas, na wadogo zako, poleni sana. Kwako mzee Job, pole. Najua unanisikiliza, na najua unasema nimechanganya, ulisema nisimtaje yule jamaa wa kijiko. Samahani. Mungu awape nguvu nyote wa Mtaa wa Spon.

Na nyinyi wengine, wasikilizaji wapendwa, siwahubirii, mhubiri ni wa Jumapili. Nawaomba tu mfikiri usiku huu. Kila mmoja wetu ana mahali anapopavuka upesi. Neno ambalo hatumwambii mtu fulani, nyumba ambayo tunapita mbele yake kwa haraka. Job alichelewa, na yeye ndiye aliyeniruhusu niseme hivyo hewani. Yule mnayemkwepa nyinyi yu hai, bado anaweza kukaa mezani. Kaeni hapo kidogo, msivuke.

Sasa muziki, maana nimewanyima vya kutosha. Ni bendi ya shaba ya Bedworth, na mbele kuna ngoma kubwa. Redio ikitetemeka upande mmoja, msishtuke. Reuben, hiyo ni ngoma tu. Ondoa mkono, kunywa chai.